Simba wetu na simha wa India: mwongozo kamili wa kuchunguza maneno yanayofanana katika lugha tofauti

Shemeji yangu aliniletea hoja iliyonikosesha usingizi. Alikuwa amesoma kwamba jina Singapore limetokana na Singapura, yaani mji wa simba, na kwamba katika Kisanskriti simba huitwa simha. Akakumbuka na majina ya akina Singh, ambayo nayo yana maana hiyo hiyo. Akafunga hesabu: "Basi simba wetu katoka India, kaja na majahazi ya kaskazi."

Kuhusu Singapore alisema kweli. Kuhusu Singh alisema kweli. Hata majahazi ni kweli, maana watu wa India na watu wa pwani yetu wamefanya biashara kwa karne nyingi. Kosa lilikuwa kwenye ile "basi". Maneno mawili yanaweza kufanana kama pacha na yasiwe na undugu wowote, na mengine yanaweza kutofanana kabisa na yakawa ya tumbo moja. Nitakuonyesha namna ya kutofautisha, hatua kwa hatua, kwa kumfuata huyu huyu simba mpaka tujue katoka wapi.

Jambo hili linanigusa. Kila mara nasoma mtu akidai kwamba Kiswahili chote ni Kiarabu kilichovunjika, na mwingine anamjibu kwamba Kiarabu ndicho kilichochukua kwetu, na wote wawili ushahidi wao ni orodha ya maneno yanayosikika sawa. Lugha hii inastahili hesabu iliyo safi kuliko hiyo.

Kabla hujaanza

Tafuta daftari, si karatasi za kutupa, kwa sababu neno moja litakurudisha kwenye ukurasa wake mara nyingi. Tafuta kamusi ya Kiswahili inayoonyesha asili za maneno. Kamusi nyingi huweka kifupisho cha lugha kando ya neno la mkopo, na neno lisilo na alama mara nyingi ni la Kibantu. Ukiweza kupata kamusi ya zamani, bora zaidi. Ya Krapf, aliyekuwa mmisionari Mombasa na Rabai, ilichapwa mwaka 1882, na humo utakuta lugha ya pwani kabla haijasanifishwa. Tatu, na hili ndilo muhimu kuliko yote, tafuta watu. Mchewa mmoja, Mkikuyu mmoja, Mganda mmoja na mtu wa kusini mwa Afrika watakusaidia kuliko rafu nzima ya vitabu.

Weka kichwani pia kwamba maneno mawili yakifanana, sababu ni moja kati ya nne. Huenda ni ndugu, yaani yametoka kwa lugha mama moja. Huenda moja limekopwa. Huenda yote mawili yanaiga mlio au mdomo wa mtoto mchanga. Au ni sadfa tu. Kazi yako yote ni kujua ni ipi kati ya hizo, na usichague mapema.

Hatua ya kwanza: hakikisha unachunguza neno moja

Watu wengi hujikwaa hapa, ndani ya lugha yao wenyewe, kabla hata ya kuvuka mpaka. Chukua neno sura. Tunasema "ana sura ya babake", na tunasema "soma sura ya tatu". Ni rahisi kutunga hadithi hapa: kwamba sura ya kitabu ni uso wake, ule unaoufungua ukauona. Hadithi tamu, lakini si kweli. Yeyote aliyekaa chuoni na juzuu mapajani anaweza kuivunja. Sura ya mtu, katika Kiarabu, huandikwa kwa swadi. Sura ya Kurani huandikwa kwa sini. Mwarabu hazichanganyi hata akiwa usingizini, kwa sababu kwake ni herufi mbili, sauti mbili na mizizi miwili tofauti. Kiswahili hakina swadi. Maneno yote mawili yalipofika kwetu yalivishwa s moja, yakawa yanafanana kwa herufi zote nne.

Kwa hiyo andika maana zote za neno lako, kila moja kwenye mstari wake, na uzitendee kama maneno tofauti mpaka zijithibitishe kuwa moja. Kaa wa baharini, kaa la moto na kaa la "kaa kitako" ni mistari mitatu.

Hatua ya pili: vua viambishi, andika ngeli

Lugha za Kibantu huvisha maneno nguo. Ukilinganisha nguo utapotea, linganisha mwili.

Simba, kwa umoja na wingi, ni simba. Hatusemi masimba tukimaanisha wanyama wengi wa kawaida. Huyu ni wa kundi la nomino ambazo zamani zilianza kwa sauti ya puani, kundi moja na mbuzi, ndege na nyumba. Kwenye mbuzi ile sauti bado inasikika. Kwenye simba, fisi, paka na kuku imeanguka, kwa sababu Kiswahili huiangusha mbele ya konsonanti zisizo na mghuno, yaani zisizotetemesha koo, kama s, f, p na k. Kizulu hakikuiangusha: kuku ni inkukhu. Basi ukimtafuta ndugu wa simba huko kusini, tarajia kukuta n mbele yake. Na kweli, Kizulu kina insimba. Tutamrudia.

Ngeli inakuokoa pia na mitego ya jirani. Nenda Kampala, utasikia simba mara kwa mara, lakini okusimba ni kupanda mche ardhini, na mwenye gari husimba gari lake pembeni, yaani huliegesha. Mnyama wetu kwa Kiganda ni empologoma. Vuka mpaka wa Kongo: kwa Kilingala kosimba ni kushika, na simba mnyama ni nkosi. (Wale wapiganaji wa mashariki mwa Kongo mwaka 1964 walijiita Simba kwa Kiswahili, wala si kwa Kilingala.) Shuka Zimbabwe: kwa Kishona simba ni nguvu, na wingi wake ni masimba, kwa hiyo liko kwenye kundi la jicho na macho, mbali na kundi la mnyama wetu. Maneno manne yanayosikika sawa, yote ndani ya ukoo wa Kibantu, na ngeli peke yake inatosha kukuzuia usiyafunge kitita kimoja. Mawili ni vitenzi. La tatu ni nomino ya kundi lingine. Nimewahi kusikia mtu akieleza kwa uhakika kwamba Washona walimwita mnyama kwa jina la nguvu zake. Mshona wa kumuuliza alikuwa amekaa meza hiyo hiyo, na hakuulizwa.

Hatua ya tatu: tafuta ulinganifu, wala si ufanano

Hapa ndipo penye kiini cha kazi, kwa hiyo tulia.

Lugha mbili zilizozaliwa na mama mmoja hubadilisha sauti kwa utaratibu. Sauti ikibadilika kwenye neno moja, hubadilika kwenye mengine mengi yenye mazingira yale yale. Ukishaujua utaratibu, unaweza hata kutabiri neno ambalo hujawahi kulisikia. Fanya jaribio hili na Mchewa, mtu wa Malawi au wa mashariki mwa Zambia. Mtajie neno la Kiswahili, yeye akutajie lake:

njaa — njala
mvua — mvula
vaa — vala
makaa — makala
kaa (kitako) — khala

Soma orodha hiyo kwa sauti. Panapokutana irabu mbili kwa Kiswahili, yeye ana l katikati. Haiwezi kuwa bahati, maana bahati haijirudii mara tano kwa mpangilio mmoja. Kiswahili kilikuwa na sauti pale, kikaimeza. Na sasa umejua pia kwa nini makaa ya moto na kaa la kuketi yanafanana hivi: mapengo yote mawili yameachwa na sauti iliyotoweka.

Rudia kwa Mkikuyu, utaona utaratibu mwingine. Pona kwake ni hona. Panda mbegu ni handa. Paka mafuta ni haka. P yetu ni h yake. Neno haka lina mkia wake: kwa Kikuyu limekwenda mpaka kwenye kutoa hongo, kumpaka mtu mkono, na hongo yenyewe ni ihaki. Maana inaweza kutembea namna hiyo huku sauti zikishika njia yake bila kuyumba. Ndiyo maana tunazitegemea sauti kwanza.

Sasa tumrudie simba. Insimba wa Kizulu si mfalme wa nyika. Ni kanu, yule mnyama mdogo mwenye madoadoa na mkia mrefu wa pingili nyeusi na nyeupe, anayeingia bandani usiku akamaliza kuku. Mwanzoni nilitaka kumwacha, kwa vile maana haikuniingia akilini: kanu na simba wapi na wapi? Kisha nikafika kwa Watswana.

Kwa Kitswana kanu ni tshipa. Weka simba na tshipa pamoja mbele ya mtu asiyejua, atakwambia hayahusiani hata kidogo. Lakini angalia orodha hii, ya Kiswahili kwanza, kisha Kitswana:

mbele — pele
mbili — pedi
mbuzi — podi

Mb yetu ni p yao. Chukua simba, ondoa mb, weka p, na mwanzoni rudisha ile sauti ya puani iliyoifanya s kuwa nzito mdomoni mwao. Unapata tshipa. Neno lisilofanana limefuata sheria zote, na neno la Kisanskriti linalofanana halina sheria hata moja linayoifuata. Siku nilipoiona hiyo niliwapigia simu watu watatu.

Kishona nacho kina mtego mzuri hapa. Kina shumba, ambaye ndiye simba hasa, na kina tsimba, ambaye ni kanu. Anayefuata maana atamkimbilia shumba. Anayefuata sauti ataona kwamba shumba ana u mahali ambapo sisi tuna i, wakati tsimba ana i pale pale inapotakiwa, na ana ts inayotoka kwenye n na s zilizogandana. Mstari wa simba uende na tsimba.

Kwa hiyo tuna Kiswahili, Kizulu, Kishona na Kitswana, na kwa wale watatu wa kusini neno lina maana ya mnyama mdogo wa mwituni anayewinda usiku. Wataalamu wa lugha za Kibantu wameliundia umbo la kale, *címbá, wakiliwekea nyota mbele kuonyesha kwamba limejengwa upya kwa ulinganisho, halikukutwa limeandikwa mahali. Maana zinazoorodheshwa chini yake ni za paka mwitu, kanu na simba. Jumba la makumbusho la Tervuren huko Ubelgiji lina hifadhi kubwa ya maumbo ya namna hii, na ipo kwenye intaneti kwa yeyote anayetaka kuipekua. Jina la mnyama mmoja anayerarua nyama likahamia kwa mwingine mkubwa zaidi. Maneno ya wanyama hufanya hivyo mara nyingi. Hata paka, aliye mkekani leo, kwenye Kibantu cha kale jina lake lilikuwa la paka wa mwituni.

Hatua ya nne: ijaribu hoja ya mkopo kwa haki

Usiridhike na hapo. Shemeji alisema majahazi, na majahazi yalikuwepo. Hoja ya mkopo inastahili kupimwa kwa uzito wake, na kuna maswali matatu ya kuiuliza.

Swali la kwanza: neno hilo lilikuwa na sauti gani kwenye vinywa vya watu waliotufikia? Mabaharia na wafanyabiashara wa Gujarati na Kachi hawakushuka Mombasa wakizungumza Kisanskriti. Walizungumza lugha zao za wakati huo. Lile simha la kale, likipita kwenye lugha za India za baadaye, limekuwa singh, sinh, na kwa Kibengali shingho. Utaona g, utaona h. B hakuna. Tungelikopa kutoka kwao tungepata kitu kama singa au singi. Mb yetu isingekuwa na pa kutokea.

Swali la pili: maneno mengine tuliyokopa kutoka huko yana tabia gani? Tuna gari, laki, pesa, dobi, bima, bangili. Hesabu, biashara, usafiri, kazi za kulipwa, vitu vya dukani. Mkopo huja na sababu yake, na mara nyingi huja kwa mafungu. Simba alikuwa akinguruma nyuma ya vijiji vyetu kabla ya jahazi la kwanza. Jina lake halikuhitaji kusafirishwa.

Swali la tatu ndilo lililomnyamazisha shemeji. Kama neno liliingia kupitia bandarini, kule bara ndani kabisa lilifikaje, likamkuta mnyama mwingine, likavaa viambishi vya huko na kufuata mabadiliko ya sauti ya kila lugha, pamoja na yale ya Kitswana? Neno lililokopwa huonekana geni. Hili lina mizizi mpaka Botswana.

Ili ujue mkopo wa kweli unavyoonekana, tazama chai. Wachina wana alama moja ya maandishi kwa kinywaji hicho. Kimandarini na Kikantoni huisoma cha. Kimin, lugha ya pwani ya Fujian, huisoma te. Ile ya cha ilipita nchi kavu mpaka Uajemi na India, ikawa chay, ikatufikia sisi ikiwa chai. Wareno, waliokuwa na kituo chao Macau, nao walishika cha. Ile ya te ilipakiwa kwenye meli za Waholanzi, ikaenda Ulaya, Waingereza wakaipokea ikawa tea, nao wakaipeleka Afrika Kusini, ambako Mzulu huiita itiye. Kwa hiyo chai ya Mwanza na itiye ya Durban ni neno moja, japo hakuna herufi zinazofanana isipokuwa i. Unaweza kulifuata bandari kwa bandari, na kila mbadiliko una meli au msafara wake. Safari yake haijaisha: vijana wa Tanzania wakisema "hiyo chai" wanamaanisha hadithi ya kutungwa, na Kenya askari wa barabarani akiomba chai hana hamu ya kinywaji.

Mfano wa pili unaupenda moyo wangu zaidi, kwa sababu safari hii sisi ndio tuliotoa. Kimalagasi si lugha ya Kibantu. Ndugu zake wako Kalimantan, huko Indonesia, na visiwa vya jirani. Lakini Mmalagasi humwita ng'ombe omby, kanga humwita akanga, na kuku humwita akoho. Wanyama watatu wa kufugwa au kulishwa karibu na nyumba, wote wana majina yetu. Hilo ndilo fungu nililokwambia. Waliotoka mashariki walikuta mifugo kwa watu wa pwani hii, wakachukua mnyama na jina lake kwa pamoja.

Hatua ya tano: rudi nyuma kadiri uwezavyo

Ukiona maneno mawili yamefanana leo, uliza yalikuwaje jana. Kwa Kimalei jicho ni mata. Kwa Kigiriki cha leo jicho ni mati. Inavutia sana, maana hata maana ni moja. Lakini mati la Kigiriki ni kifupi cha ommation, "kijicho", kutoka omma. Likipoteza mwanzo na mwisho ndipo linafanana na la Kimalei. Mata kwa upande wake limekuwa mata tangu zamani sana, na ndugu zake wametapakaa baharini kwa utaratibu ule ule tuliouona: Ufilipino ni mata, Fiji ni mata, Hawaii, ambako t ya zamani imekuwa k, ni maka. Ukirudi nyuma, maneno yaliyo ndugu hukaribiana. Ya sadfa huachana.

Pima simba na simha kwa kipimo hicho hicho. Ukirudi nyuma upande wetu unafika kwa kanu anayewinda kuku. Ukirudi nyuma upande wa India unabaki na simba wa Kisanskriti, ambaye ametajwa kwenye maandiko ya kale kabisa ya huko. Njia mbili zinazidi kutengana.

Na mtu asikutishe kwa kusema "haiwezekani bahati iwe kubwa hivi". Inawezekana. Dunia ina lugha zipatazo 7,000, kila moja ina maelfu ya maneno, na kinywa cha binadamu kina sauti chache za kuchezea. Kiswahili chenyewe kina irabu tano tu, na silabi nyingi ni konsonanti moja na irabu moja. Neno la silabi mbili kupata pacha mahali fulani duniani ni jambo la kutarajiwa. Neno likiwa fupi, lishuku zaidi.

Hatua ya sita: weka kando maneno ya mtoto na ya milio

Kuna maneno ambayo hayafai kuwa ushahidi wa undugu hata yakifanana lugha mia. La kwanza ni baba. Mturuki humwita babake baba. Mchina pia, baba. Mwarabu, baba. Lakini Mrusi akisema baba anamaanisha mwanamke mzee, na Mjapani akisema baba anamaanisha ajuza vilevile. Nenda Georgia, utashangaa zaidi: kule neno mama lina maana ya baba, na mama mzazi huitwa deda.

Sababu iko kwenye midomo ya mtoto. Sauti za kwanza anazozimudu ni zile za kufunga midomo na kufungua: ma, ba, pa. Hajui anachosema. Wazazi, kwa furaha, wanaamua kwamba ameita mmoja wao, na kila jamii inaamua kwa namna yake. Mwanaisimu Roman Jakobson ndiye aliyelieleza jambo hili vizuri katika karne ya 20. Kwa hiyo mtu akikuletea orodha yenye baba, mama, dada na kaka kama uthibitisho wa undugu wa lugha mbili, mrudishie kwa upole, mwambie aondoe hayo kwanza kisha muone kilichobaki.

Kundi la pili ni milio. Mfini humwita jogoo kukko. Kisanskriti kilimwita kukkuta. Sisi tuna kuku. Ndege mwenyewe ndiye aliyewafundisha wote, kila asubuhi, bure. Mfini hakukopa kwetu, wala sisi kwake. Lakini hata hapa usizembee: akoho wa Madagaska ni mkopo wa kweli, kwa sababu ana wenzake omby na akanga wa kumshuhudia. Na ukimkuta Muirani anakula kuku, usidhani ni nyama. Kuku ya kwao ni mayai yaliyopigwa na majani ya kijani yakakaangwa.

Hatua ya saba: andika ukurasa

Usiache matokeo kichwani. Huu ni ukurasa wa simba kama ulivyo kwenye daftari langu, nawe uuige:

*Simba, mnyama.* Ngeli: umoja na wingi sawa, sauti ya puani imeanguka.
*Ndugu:* Kizulu insimba (kanu), Kishona tsimba (kanu), Kitswana tshipa (kanu, mb–p kama mbuzi–podi).
*Umbo la kale:* *címbá.
*Si ndugu:* Kisanskriti simha (b haipo, wa bara ndani hawaelezeki). Kiganda okusimba, Kilingala kosimba (vitenzi). Kishona simba/masimba (ngeli nyingine).
*Mkopo?* Hapana. Tazama singh, sinh, shingho.
*Nani kaniambia:* hapa naandika lugha ya mtu na mji wake, bila jina.

Huo mstari wa mwisho wengi huuruka, na ndio utakaokusaidia mwaka ujao mtu akibisha. "Nilisikia mahali" halina thamani. "Mtswana wa Gaborone, neno la nyumbani kwao" lina thamani. Unapomuuliza mtu, usimtajie jibu unalolitaka. Usiseme "ninyi mnasema tshipa, sivyo?" Mwonyeshe picha ya mnyama, unyamaze, usubiri. Mwombe alitumie neno ndani ya sentensi, kisha alitaje kwa wingi, ndipo utaisikia ngeli yake. Kama ana mzee nyumbani, mwombe ampigie. Vijana wengi wa mjini wanamjua simba na hawamjui kanu.

Na andika kwa penseli ile sehemu ya ndugu. Mimi nimefuta mara mbili.

Shemeji alikubali baada ya kuuona ukurasa, akautazama muda mrefu, hasa ile tshipa. Kisha akauliza, mbona Kilingala humwita simba nkosi, na Kizulu humwita mfalme inkosi? Nikampa daftari lake mwenyewe. Wiki iliyopita alinitumia picha ya ukurasa wa kwanza: Kilingala nkosi, simba, Kizulu inkosi, mfalme, na chini, kwa wino mwingine, Kitswana kgosi, mfalme, na mbele yake ameandika kwamba simba mnyama kwa Kitswana ni tau. Sehemu ya "ndugu" ameiacha wazi, kwa penseli.